Sura ya Saba: Kiti cha Mtoto wa Laini Saba

Mwanzoni mwa 2011 Profesa Sam Ongeri, aliyekuwa Waziri wa Elimu, alitangaza utaratibu mpya wa kuwateua wanafunzi wa Kidato cha Kwanza, na wazazi wa Nairobi wakapata gumzo la msimu mzima. Shule za kitaifa wakati ule zilikuwa 18 tu nchi nzima: Alliance mbili, ya wavulana na ya wasichana, Mang'u, Starehe, Kenya High, Maseno, Lenana, Nairobi School, Loreto Limuru na wenzao. Hakuna mzazi aliyehitaji kuelezwa maana ya barua ya mwaliko kutoka shule hizo. Ilikuwa njia ya kuendea udaktari, sheria au uhandisi katika chuo kikuu cha umma, sehemu kubwa ya gharama ikibebwa na serikali. Ilikuwa pia njia ya kulala bweni moja na watu ambao miaka ishirini baadaye wangekuwa makatibu wa wizara, majaji na mameneja wa benki. Watoto wa shule za kibinafsi walikuwa wachache katika KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, lakini katika mabweni hayo walijaa kupita idadi yao. Ongeri akaagiza nafasi zigawanywe kwa uwiano wa watahiniwa: wilaya yenye watahiniwa wengi wa shule za umma ipeleke watoto wengi wa shule za umma.

Wenye shule za kibinafsi walikuja juu. Wazazi kadhaa walikwenda Mahakama Kuu kudai kwamba watoto wao wamebaguliwa, na majaji wakaitupa kesi hiyo mwaka huohuo, wakikubali kwamba serikali ina haki ya kumwinua aliyeachwa nyuma. Naamini majaji waliamua vyema. Mtoto aliyesoma darasani na wenzake ishirini, vitabu vyote mezani na mwalimu wa tuisheni nyumbani jioni, akipata alama 410, hajafanya kazi kubwa kumshinda aliyepata 370 katika darasa la watoto themanini wanaogawana kitabu kimoja watatu watatu.

Lakini utaratibu ule ulikuwa na tundu, na tundu hilo lilikuwa Kibera.

Ili kuliona, turudi Januari 2003. Serikali mpya ya Mwai Kibaki ilifuta karo ya shule za msingi, na watoto waliosajiliwa nchini wakaongezeka kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Shule za umma zinazouzunguka mtaa wa mabanda wa Kibera, yaani Olympic, Ayany, Toi, Old Kibera na wenzao, zilifurika. Olympic ilikuwa na sifa ya kufaulisha. Baada ya mwaka huo darasa lake moja likawa na watoto wa kutosha madarasa mawili. Hata hivyo, watoto wengi wa Kibera hawakuzifikia shule hizo. Zilijengwa pembezoni, karibu na mitaa ya nyumba za mawe, na hazikuwa zikiongezeka. Anayeishi Laini Saba, Silanga au Gatwekera humpeleka mwanawe palipo na nafasi, na pa karibu huwa ni chumba cha mabati kilichoanzishwa na kanisa, kikundi cha akina mama au mwalimu aliyekosa kuajiriwa. Mtafiti Mwingereza James Tooley na wenzake walipopita Kibera muda mfupi baada ya karo kufutwa walihesabu shule 76 za aina hiyo, zenye wanafunzi zaidi ya 12,000. Taasisi ya utafiti ya APHRC yenye makao yake Nairobi nayo ikaja kueleza jambo lililowashangaza wengi: katika mitaa ya mabanda, watoto maskini walikuwa wengi katika shule za kulipia kuliko watoto wa mitaa iliyo nafuu, ingawa elimu ya msingi ilikuwa bure.

Mzazi wa Kibera alilipa shilingi mia chache kwa mwezi, mara nyingi kwa mafungu. Kwa hela hizo mwanawe alipata dawati la kukaa watano na ukuta wa plaiwudi unaopitisha kila neno la darasa la pili. Mwalimu wa Hisabati wa darasa la sita hufundisha huku darasa la nne wakiimba majedwali ya kuzidisha upande wa pili. Mvua ikinyesha somo husimama, kwa maana mabati hupiga kelele hata mwenye sauti kubwa hasikiki, na watoto huinua miguu maji yanapopita chini ya dawati. Mwalimu naye hulipwa karo ikipatikana, isipopatikana husubiri.

Sasa, katika rejista za Baraza la Mitihani, shule hii ni ya aina gani? Serikali haikuijenga, haikuajiri walimu wake wala kuipelekea mgao wa vitabu. Ikaandikwa kuwa ya kibinafsi, safu moja na akademia zenye mabwawa ya kuogelea. Utaratibu wa 2011 ulipofika, uliotungwa kwa ajili ya mtoto maskini, mtoto maskini wa Kibera alijikuta amewekwa upande wa matajiri. Yeye aliyesoma kwenye mabati alitakiwa kushindana na mtoto wa mtaa wa kitajiri wa Lavington kwa zile nafasi chache walizoachiwa watoto wa shule za kibinafsi.

Na mtoto wa Lavington hakuwa tena pale. Alikuwa amehama kwa karatasi.

Habari za kuhama huku zilienea sana katika miaka iliyofuata, na wizara ikatoa maonyo juu yake. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Mtoto alisoma akademia tangu chekechea. Usajili wa watahiniwa ulipokaribia, mzazi alimwendea mwalimu mkuu wa shule ya umma na kumwomba mtoto asajiliwe pale. Nambari ya mtahiniwa ikatoka kwa jina la shule ya umma. Mtoto akaendelea kupanda basi la akademia kila asubuhi, kuvaa sweta ya akademia na kufanya mitihani ya majaribio ya akademia. Siku tatu za KCPE zilipofika akanunuliwa sare ya shule ya umma na kukalishwa miongoni mwa watoto ambao hakuwahi kucheza nao. Matokeo yalipotangazwa yeye akawa mtoto wa shule ya umma aliyejitahidi. Wengine walivuka hata mpaka wa wilaya: mtoto wa Nairobi akasajiliwa mbali, mahali ambapo watahiniwa ni wachache na alama za kuingilia shule ya kitaifa ni za chini, akala nafasi iliyotengewa watoto wa wafugaji.

Nimeona wengi wakiuita mtindo huu ujanja wa mzazi anayempenda mwanawe. Nauita wizi, na ni wizi mgumu kukamatwa kwa sababu kila aliyeuona alikuwa na sababu ya kunyamaza. Mwalimu mkuu wa shule ya umma alipandishiwa wastani wa alama, na bahasha haikukosekana. Akademia haikupoteza kitu, maana karo ililipwa mpaka siku ya mwisho. Afisa wa elimu alionyesha shule za umma zinapanda. Aliyeumia alikuwa mtoto wa tatu au wa nne katika shule ileile ya umma, ambaye bila mgeni yule angeitwa, na hakuna mtu wa kumwambia kwamba kuna kiti kilichoondoka. Mtoto anayekosa nafasi kwa njia hii huamini kwamba hakusoma vya kutosha. Mama yake naye huamini hivyohivyo, na pengine humchapa.

Mzazi mwenye pesa alichukua hapo jina la yule maskini ambaye mlango ulifunguliwa kwa ajili yake, akapita nalo. Nimekuja kuona kwamba udanganyifu wa wazazi matajiri popote duniani unafuata mtindo huu kuliko tunavyodhani. Kununua karatasi ya mtihani ni sehemu ndogo tu ya habari.

Tarehe 12 Machi 2019, waendesha mashtaka wa serikali mjini Boston, Marekani, walifichua kesi waliyoipa jina la Operation Varsity Blues. Watu 50 walishtakiwa siku hiyo, 33 kati yao wakiwa wazazi. Kiongozi wao alikuwa William Singer, maarufu kwa jina la Rick, mshauri wa wanaotafuta nafasi za vyuo, aliyepokea takriban dola milioni 25 kati ya 2011 na 2018. Singer aliwaeleza wazazi kwamba chuo kina mlango wa mbele wa wenye akili na mlango wa nyuma wa wanaotoa misaada ya mamilioni. Yeye alikuwa na mlango wa ubavuni. Mwigizaji Felicity Huffman alilipa dola 15,000 ili majibu ya mtihani wa binti yake yasahihishwe kwa siri, akahukumiwa siku 14 jela. Mwigizaji mwenzake Lori Loughlin na mumewe Mossimo Giannulli walilipa dola 500,000, zaidi ya shilingi milioni 50 za Kenya wakati ule, ili mabinti wao wawili waingie Chuo Kikuu cha Kusini mwa California kama wapiga makasia, ilhali hawakuwa wachezaji wa mchezo huo. Singer mwenyewe alihukumiwa miaka mitatu na nusu mnamo Januari 2023.

Magazeti yalishughulika na nyuso za waigizaji. Mimi hunisimamisha mambo mawili mengine katika kesi ile. La kwanza ni kwamba wazazi walielekezwa kutafuta cheti cha mtaalamu kinachosema mtoto ana matatizo ya kujifunza. Cheti hicho humpa mtahiniwa muda wa ziada, na humruhusu kufanya mtihani peke yake, mahali ambapo msimamizi amekwisha kulipwa. Nafasi iliyopiganiwa kwa miaka na wazazi wa watoto wenye ulemavu ikageuzwa kuwa njia ya panya ya watoto wazima. La pili ni kwamba pesa zilipitia shirika la hisani, Key Worldwide Foundation, lililojitangaza kuwa linawasaidia kielimu vijana wasiojiweza. Hongo ikaandikwa kuwa sadaka kwa maskini, na baadhi ya wazazi wakaitumia kupunguza kodi.

Basi huko California mtoto wa tajiri aliingia kwa jina la mlemavu na pesa yake ikaingia kwa jina la maskini. Huku kwetu aliingia kwa jina la shule ya umma. Umbali ni mkubwa, lakini fundi ni mmoja.

Mwaka huohuo wa 2019, Jumatatu ya tarehe 23 Septemba, asubuhi na mapema, jengo la madarasa la Precious Talent Top School liliporomoka Ng'ando, eneo la Dagoretti jijini Nairobi, ng'ambo ya Barabara ya Ngong kutoka mtaa wa mabanda wa Kawangware. Lilikuwa jengo la ghorofa lililojengwa kwa mbao, mabati na saruji isiyo na nguvu, na watoto wanane walifariki. Viongozi walifika, wakalaumu mjenzi na mwenye shule, na lawama hizo zilikuwa na haki. Swali ambalo halikukaa vinywani kwa muda mrefu ni kwa nini mamia ya watoto walikuwa ndani ya jengo lile. Jibu linajulikana na kila mzazi wa Dagoretti: shule za umma zilizo karibu hazitoshi. Katika vitabu vya serikali, watoto wale wanane nao walikuwa wanafunzi wa shule ya kibinafsi.

Kati ya Kawangware na Lavington hakuna hata mwendo wa nusu saa kwa miguu. Kila asubuhi wanawake kutoka Kawangware hupanda upande wa Barabara ya Gitanga kutafuta kazi ya kufua nguo, na wengine hukaa kando ya barabara wakisubiri kuitwa. Wanapiga pasi sare za watoto wa shule ambazo karo yake ya muhula mmoja haiwezi kulipwa na mshahara wao wa mwaka. Ujirani huu ndio unaonifanya nione kuwa mjadala wa udanganyifu wa wazazi haupaswi kuachiwa wakazi wa Lavington peke yao.

Wizi wa karatasi zenyewe nao ulikuwapo, na nitaupitia kwa haraka kwa sababu umeandikwa sana. KCSE ya 2015, mtihani wa kumaliza sekondari, ilivuja kiasi kwamba maswali yalikuwa yakizunguka katika simu kabla ya bahasha kufunguliwa. Matokeo ya watahiniwa 5,101 yalifutwa. Machi 2016 Waziri Fred Matiang'i alilivunja Baraza la Mitihani na kumweka Profesa George Magoha kuwa mwenyekiti. Karatasi zikafungiwa katika makontena yenye kufuli mbili, funguo zikiwa kwa maafisa wawili tofauti, na ziara za wazazi shuleni muhula wa tatu zikapigwa marufuku. Mwaka wa 2015 alama ya A ilikuwa imepatikana na watahiniwa zaidi ya 2,600. Mwaka wa 2016 waliipata 141. Waliofikisha C+ na zaidi, alama ya kuingilia chuo kikuu, walishuka kutoka karibu 170,000 hadi 88,929. Watu waliteta kuhusu usahihishaji wa mwaka ule, na mabishano hayo hayajaisha, lakini hakuna mwenye akili timamu anayeweza kuitazama tofauti hiyo na kusema miaka ya nyuma ilikuwa safi.

Kilichosemwa kwa uchache ni nani aliyekuwa na uwezo wa kununua. Karatasi ya mapema kabisa, ile ya kweli, huwa na bei. Inayofika Kibera ni ya saa za mwisho, imepita mikono mingi, na mara nyingi ni ya uongo. Mtoto huchangishana na wenzake hela za nauli kuilipia, na akikamatwa nayo hana wakili. Sheria ya Baraza la Mitihani ya 2012 inatoa adhabu ya kifungo cha hadi miaka kumi au faini ya hadi shilingi milioni mbili kwa anayejipatia mtihani kabla ya wakati. Faini ya milioni mbili ni gari moja kuukuu kwa mtu mmoja, na kwa mwingine ni maisha yote ya kuuza mboga.

Vyuo vikuu navyo vilikuwa na mlango wa halali kabisa. Tangu 1998, Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanzisha mpango sambamba uliojulikana kama Module II, aliyekosa alama za kuchaguliwa na serikali kusomea sheria au udaktari aliweza kuzisomea kwa kulipa karo kamili. Pesa hizo zilijenga kumbi na kuongeza mishahara ya wahadhiri, nami siwezi kusema kila aliyepita hapo alikuwa hastahili. Wengi walikuwa watu wazima wenye kazi waliorudi kusoma jioni. Lakini kijana wa Makina, Kibera, aliyepata B+ akaambiwa udaktari haumfai, huku jirani wa ng'ambo ya uwanja wa gofu unaopakana na Kibera akiingia na alama ileile kwa sababu baba ana hundi, alifundishwa somo ambalo halikuwa katika silabasi. Ajabu ni kwamba makontena ya Matiang'i ndiyo yaliyoukausha mpango huo: waliofikisha C+ walipopungua, wote wakapata nafasi za serikali, na vyuo vikakosa wateja.

Kuna wizi mwingine, na huu unaanzia mbali na kuishia katika vyumba vya kupanga vya Kawangware.

Tuseme ni saa nne usiku karibu na kituo cha 46. Kijana ana shahada ya chuo kikuu cha umma, ya takwimu au ya sosholojia, na barua za maombi ya kazi zisizojibiwa. Ana kompyuta ya mkononi ya mtumba, modemu, na taa ya kuchaji kwa ajili ya stima ikipotea. Mbele yake kuna agizo: insha ya kurasa nane kuhusu mageuzi ya hospitali nchini Marekani, marejeo kumi na mawili, iwasilishwe kabla ya saa sita usiku wa Boston, ambayo huku ni saa moja au saa mbili asubuhi. Akaunti anayotumia si yake. Ameikodi kwa mwenye akaunti, ambaye hukata fungu lake kabla ya kumtumia kilichobaki kwa M-Pesa. Kwa ukurasa mmoja hupata dola chache, na mteja akilalamika hukosa hata hizo. Hutafuta jinsi kijana wa Marekani anavyoandika, hujifunza kuacha makosa mawili matatu ili kazi isionekane safi kupita kiasi, na hujua kwa undani miji asiyowahi kuifika. Yapo pia maagizo ya insha za kuombea nafasi chuoni. Hapo kijana wa Kawangware huandika kwa nafsi ya kwanza juu ya utoto usio wake, huzuni ya nyanya asiye wake, na ndoto za mtu ambaye hatamwona kamwe.

Septemba 2019, nusu mwaka baada ya kesi ya Singer kufichuliwa, gazeti la New York Times lilichapisha habari ndefu kuhusu Wakenya wanaofanya kazi hii, na jambo lililojulikana na kila mwanafunzi wa Juja, Roysambu na Ngara likawa habari ya dunia. Mwaka wa 2022 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria inayoharamisha biashara ya kuuza insha kwa wanafunzi wa England. Mwaka wa 2024 ilitoka filamu ya The Shadow Scholars, inayomfuata Patricia Kingori, profesa wa Oxford aliyezaliwa Kenya, akiwatafuta waandishi hawa Nairobi. Kufikia hapo soko lenyewe lilikuwa limeanza kufa, kwa maana programu za akili unde zinazoandika insha kwa sekunde zilifika mwishoni mwa 2022, na wengi waliokuwa wakilipa kodi ya nyumba kwa kurasa walijikuta bila agizo.

Simtakasi mwandishi. Anajua anachofanya, na yupo daktari au mhandisi fulani ng'ambo ambaye mwandishi huyu asingetaka kutibiwa naye wala kuvuka daraja lake. Lakini nasikitika kuona kila mjadala ukianza na kuishia kwake, kama kwamba mnunuzi alikuja kushawishiwa usiku kitandani mwake. Na kuna jambo zito zaidi. Kijana huyu aliambiwa na mfumo wa shule kwamba alama zake hazitoshi kwa kozi aliyoitaka. Sasa anazipata alama za juu, kila wiki, katika vyuo ambavyo majina yake huandikwa kwenye fulana, na cheti hutoka kwa jina la mwingine. Uwezo wake umethibitishwa mara mia na hauna mahali popote ulipoandikwa kuwa wake.

Kuanzia 2023 mchezo ulihamia kwenye fomu za misaada. Serikali ilileta mfumo mpya wa ufadhili wa vyuo vikuu unaowapanga wanafunzi katika makundi kwa kipimo cha uwezo wa familia, aliye maskini zaidi apate zaidi. Malalamiko yalianza mara moja, watoto wa familia hohehahe wakijikuta katika makundi ya wenye uwezo, maandamano yakafuata, na mvutano ukafika mahakamani. Fomu inayojazwa mtandaoni hupima jinsi mtu anavyojieleza. Mwenye baba mwanasheria hujua cha kuandika na cha kuacha. Mwenye mama anayefua nguo huandika kwamba alisoma shule ya msingi ya kibinafsi, kwa kuwa ndivyo rejista inavyosema, na mashine ikimsoma hivyo inaweza kumhesabu kuwa mwenye nacho. Lile kosa la 2011 linamfuata hadi chuo kikuu.

Wapo waliolijibu kwa miguu swali la nani hasa ni maskini. Ufadhili wa Wings to Fly, ulioanzishwa 2010 na Benki ya Equity pamoja na Mastercard Foundation, huwatumia watu wa mahali penyewe, machifu, viongozi wa dini, maafisa wa elimu na wa benki, kumhoji mwombaji na kwenda kwao nyumbani. Wanaangalia paa, wanauliza majirani, wanahesabu ndugu wanaolala chumba kimoja. Ni kazi ya polepole na haiwezi kufanywa kwa watoto milioni, lakini mtoto wa tajiri aliyeazima sare hawezi kuazima na nyumba.

KCPE ilifanywa kwa mara ya mwisho 2023. Kundi la kwanza la mtaala mpya wa umilisi liliingia Gredi ya 10 mnamo Januari 2026, likipangwa katika shule za sekondari ya juu zilizogawanywa makundi manne, C1 hadi C4, zile shule za kitaifa za zamani zikiwa katika C1. Majina yamebadilika, viti vya C1 vimebaki haba, na wazazi wanaovitafuta ni walewale. Tangu 2017 kila mwanafunzi wa Kenya anatakiwa kuwa na nambari yake ya kipekee katika mfumo wa wizara, nambari inayomfuata kutoka shule moja hadi nyingine. Ina maana kwamba wizara inaweza kuona, kwa kubofya tu, mtoto aliyesoma miaka minane mahali fulani akahamishwa miezi michache kabla ya mtihani. Inaweza pia kuzitenga shule za mabati za Lindi, Kisumu Ndogo, Gatina na Congo katika safu yao wenyewe, zisihesabiwe pamoja na za Gitanga. Serikali ina sera ya shule hizi tangu zaidi ya miaka kumi iliyopita na inazijua kwa majina. Kinachohitajika ni mtu ofisini wa kuibadilisha safu hiyo ya rejista kabla ya uteuzi ujao, na wabunge wa Kibra na Dagoretti Kaskazini wanaweza kumuuliza waziri bungeni wiki yoyote watakayochagua.